Njiwa wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu wa kwanza amefariki akiwa na umri mkubwa na mapafu mazima. Habari nilizipata kwa simu kutoka kwa Saumu, wifi yangu wa zamani, ambaye hajaacha kunijulia hali ingawa mimi na kaka yake tuliachana tungali vijana. "Mama ametutoka," aliniambia. "Amelala tu, hakuamka. Hata kukohoa hakukohoa." Najua hakukusudia kunichoma, lakini neno lile la mwisho lilinikaa kooni. Asubuhi hiyohiyo nilipanda gari kutoka Mkata mpaka Korogwe. Wanangu walidhani naenda kuzika. Nilikwenda kuhakikisha. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu uani, na kabla wanaume hawajaubeba mwili, shehe alisimama mlangoni akasema yale yanayosemwa kwa kila maiti: kwamba marehemu alikuwa binadamu, aliishi na watu, na kama yuko aliyekosewa naye, basi amsamehe kwa ajili ya Mungu. Wanawake wakaitika kwa pamoja, "Tumemsamehe." Saumu akanigeukia. Mimi nilikuwa nakohoa, na sikufanya haraka kumaliza.

Nina miaka sitini na kitu sasa. Mwaka juzi daktari alinionyesha picha ya kifua changu ukutani, penye mwanga, akanyoosha kalamu. "Mama, hapa na hapa pana makovu ya zamani sana. Uliwahi kufanya kazi kwenye vumbi?" Nikamjibu kwamba niliwahi kuolewa. Alicheka, akadhani natania. Nikifua shuka moja inabidi nikae chini kwanza kabla ya kulianika. Mlimani Bungu, alikozaliwa mama mkwe wangu, sijawahi kufika wala sitafika, maana kifua changu hakipandi mlima. Makovu hayo niliyapata ndani ya mwaka mmoja, katika nyumba moja, na aliyeniacha niyapate alikuwa anajua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopelekwa Korogwe kama bibi harusi. Nyumba ilikuwa ya tofali na bati, yenye vyumba vinne na stoo. Mume wangu, Athumani, alikuwa fundi cherehani, mpole, mwenye vidole virefu na sauti ndogo, na cherehani yake ilikaa barazani mbele. Mama yake aliitwa Bi Zuhura, mjane, mwanamke mrefu aliyetembea kama amebeba ndoo kichwani hata asipobeba kitu. Chumba chetu kilikuwa cha nyuma kabisa, kimepakana na stoo, chini ya dari ya mbao, na juu ya dari hiyo ndiko walikokaa njiwa. Marehemu baba mkwe alileta jozi moja kutoka shamba la mkonge alikokuwa nyapara. Nilipofika mimi walikuwa wamezaana hata hakuna aliyejua idadi yao. Walikuwepo weupe, wa kijivu, wenye shingo za kung'aa kama mafuta ya taa juu ya maji. Asubuhi ya kwanza Bi Zuhura alinionyesha ngazi, ufagio mfupi na debe. "Hii ndiyo kazi ya mke wa nyumba hii, mwanangu," aliniambia. "Njiwa wakiona uchafu watahama. Na njiwa wakihama nyumba, ujue baraka imeshatangulia."

Basi kila siku baada ya sala ya alfajiri nilipanda. Nilikwangua mavi ya njiwa kwenye mbao, nikafagia, nikajaza debe, nikashuka nalo kwenye bustani yake ya mchicha. Vumbi lake lilikuwa jepesi kama unga wa muhogo. Liliganda midomoni na lilikuwa na ladha ya chaki. Nililikuta kwenye mto wa kulalia, kwenye kifuniko cha mtungi, ndani ya kinu. Usinifikirie kwamba niliwachukia ndege wale. Niliwapenda. Kulikuwa na mmoja aliyekatika kidole, nikawa namfichia mtama mkononi, na alikuja kunidonoa kiganja akiwa amefumba jicho moja. Mwanamwali aliyetoka kwao, asiye na mtu wa kuzungumza naye ila mume aliyeinamia cherehani, alikuwa na rafiki darini.

Mwezi wa tatu homa ikaanza. Ilikuwa na tabia yake. Asubuhi nilifanya kazi vizuri, lakini ilipofika alasiri baridi ilinipanda kutoka magotini, kifua kikabana kama nimefungwa kanga na watu wawili wanaivuta, na kikohozi kikavu kikaanza. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafuu, nikapanda tena ngazi. Nilimeza dawa za malaria mpaka masikio yakavuma. Kwa kuwa homa ilikuja wakati wa kutayarisha chakula cha jioni, Bi Zuhura alipata la kusema, na alilisema kwa jirani kupitia ukuta wa majani ya miwaa, mimi nikiwa upande wa pili na mchi mkononi: "Kikohozi chake kinaijua saa ya kutwanga." Jirani akacheka. Baadaye nilipoanza kukonda hawakucheka tena, wakanong'ona. Kwenye zahanati walichukua makohozi yangu mara tatu, wakasema hakuna kifua kikuu. Bi Zuhura alisema vipimo huongopa. Akanitengea bakuli la plastiki lenye ufa, nikawa nakula chakula changu mlangoni pa stoo, ugali wa bada na mboga ya mchunga, peke yangu, huku nikiwasikia wao sebuleni wakila sinia moja. Athumani alikuwa akinitazama kwa mbali. Siku moja aliniletea kipande cha samaki amekificha kwenye kitambaa cha suti ya mteja. Wakati ule niliuona ni upendo mkubwa. Leo nikikumbuka, naona mtu aliyeweza kuiba samaki na hakuweza kusema neno.

Mwezi wa tano alinipeleka kwetu Mkata nikapumzike. Tulishuka Segera kubadili gari, na nakumbuka nimekaa juu ya mzigo wangu kandokando ya wauza machungwa, nikihema kama mbuzi aliyekimbizwa. Wiki moja nyumbani kwa mama yangu nilikuwa nalala mpaka jua linatoka. Wiki ya pili nilikuwa natwanga na kuimba. Mama alimshukuru Mungu, akanifungia kuku, akanirudisha kwa mume. Siku ya pili Korogwe, homa. Nikarudi Mkata, nikapona. Nikaenda Korogwe, nikaanguka. Safari ya tatu Bi Zuhura aliita wazee wa pande zote mbili, wakakaa sebuleni na kahawa, mimi nikaketishwa chini katikati. "Wazee wangu," alianza kwa adabu kabisa, "mimi ni mtu mzima, nimeona maradhi mengi. Lakini sijaona ugonjwa unaoshuka kwenye basi Segera. Binti huyu akifika kwao ni mzima, akija kwangu ni mgonjwa. Kama hampendi mwanangu, aseme." Mzee mmoja akaniuliza, bila ukali, kama nina mtu Mkata. Baba yangu alitazama kikombe chake. Niliapa kwa kila kitu nilichokijua, na kila nilipoapa nilikohoa, na kila nilipokohoa Bi Zuhura alifungua viganja vyake kuwaonyesha wazee, kama anayesema: mnaona maigizo haya?

Ndicho kinachoniunguza mpaka leo. Jambo lilelile ambalo lingeniponya ndilo lililonitia hatiani. Ugonjwa ulishuka Segera kwa sababu njiwa hawakupanda basi. Mtu mmoja tu alifikiri hivyo, daktari kijana wa hospitalini nilikopelekwa baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi, debe likanimwagikia kifuani. Hakuniuliza naumwa wapi. Aliniuliza naamka saa ngapi, nafanya nini kwanza, nalala wapi, nyumbani mnafuga nini. Nilikuwa na mpira wa hewa puani, nikajibu kwa neno mojamoja. Alipomaliza alimwita Bi Zuhura na Athumani chumbani kwake, akafunga mlango. Walitoka baada ya muda mrefu. Bi Zuhura alikuja kitandani, akanifunika shuka miguuni. "Daktari amesema upumzike, mwanangu. Usinywe maji ya baridi." Nililala pale siku nane, nikapona kabisa. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani alinipa ufagio. "Kazi nyepesi tu," alisema. Nikapanda. Na nikaendelea kupanda kwa miezi mitatu.

Nilijua ukweli mwezi wa tisa, wakati wa maandalizi ya harusi ya Saumu. Dada yake Bi Zuhura alikuwa ameshuka kutoka Bungu na gunia la viazi na maharage, nao wawili wakakaa nyuma ya jiko wakipukuchua. Mimi nilikuwa nimejilaza stoo, juu ya magunia matupu, kwa sababu nilishindwa kusimama. Walidhani nimekwenda bombani. Walizungumza Kishambaa, lakini sisi Wazigua Kishambaa hakitupiti mbali. Dada mtu aliuliza kwa nini mkamwana amekauka vile. Bi Zuhura alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, huku nikisikia maharage yakidondoka kwenye ungo. "Daktari anasema ni vumbi la njiwa. Linamla mapafu. Eti niwatoe ndege, tena tung'oe na dari, au yeye ahame." Dada mtu akauliza, "Na wewe ukasema?" "Nikasema tutaona. Niwatoe njiwa wa marehemu mume wangu kwa ajili ya mtoto wa Mkata? Wanawake wa kuolewa wamejaa. Njiwa wa mbegu hii nitawatoa wapi?" Dada mtu akasema, "Na akikufia?" Bi Zuhura akajibu, "Mtu hafi kwa vumbi."

Sikulia. Nilikaa nimeuziba mdomo kwa kanga ili nisikohoe, mpaka wakaondoka. Halafu nikaenda barazani kwa Athumani. Alikuwa anashona gauni la dada yake, kitambaa cheupe kimejaa mapajani.

"Ulijua?" nilimuuliza.

Hakuuliza nini. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka pindo likaisha, akakata uzi kwa meno.

"Mama alisema atakwambia mwenyewe akipata nafasi."

"Ulikuwa unaniona nikipanda kila asubuhi."

"Nilijua utachoka, urudi kwenu," alisema. Alilisema kama mtu anayenitakia mema.

Ningeweza kuondoka siku ile. Mama yangu, nilipomsimulia baadaye, aliniuliza kwa nini sikufunga kanga zangu tu nikaondoka. Lakini nilikuwa nimeketishwa chini mbele ya wazee, nikaitwa mwongo. Kumwachia Bi Zuhura nyumba na heshima yake kungekuwa sawa na kukiri. Nikabaki. Wiki mbili nzima nilikuwa mkwe mwema kuliko wote. Nilisema shikamoo mama, nikapokea marahaba, nikapanda, nikafagia, nikakohoa. Na kila siku nilichukua kiganja cha pilipili kichaa jikoni, nikaianika juu ya bati la stoo.

Siku ya harusi nyumba ilijaa. Uani sufuria za pilau zilikuwa zimeshainjikwa, sebuleni wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, Saumu amekaa chumbani kwa mama yake, mikono ina hina, macho yana wanja. Bi Zuhura alikuwa amevaa vitenge vipya vya kijani na anapokea wageni mlangoni, akiwaonyesha njiwa waliojipanga juu ya paa kana kwamba nao wamealikwa. Adhuhuri ilipokaribia nilichukua jiko la mkaa lililokolea, nikaliingiza stoo, nikaliweka juu ya pipa, chini ya tundu la kupandia darini. Nililowesha kanga nikajifunga puani. Nikamwaga pilipili yote juu ya makaa, nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu.

Aliyewahi kuunguza pilipili moja tu kwenye kikaango anajua. Mimi niliunguza viganja vya wiki mbili nzima. Moshi ule ulipanda darini, ukatafuta nyufa za mbao, ukashuka kila chumba. Kwanza walitoka njiwa, wote kwa mpigo mmoja, kishindo kama bati linang'olewa, na uani pakawa na kivuli. Kisha wakatoka watu. Walitoka kwa milango na kwa madirisha, wanakohoa, wanatapika, kamasi na machozi, mashungi yamewavuka vichwani. Bibi harusi alitolewa amebebwa, wanja umemchirizika mpaka shingoni. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga, na mtoto yule alilia sauti ambayo sikuwa nimeipangia. Bi Zuhura, aliyekuwa ameingia ndani na wageni, alitoka wa mwisho. Alipiga magoti kando ya pipa la maji, mikono kifuani, mdomo wazi, anaitafuta pumzi na haipati. Nikamwendea. Nikafungua kanga usoni.

"Mama," nilisema, na nilihakikisha wananisikia wote, "hivyo ndivyo ninavyopumua mimi. Miezi sita. Daktari alikwambia ni njiwa, ukanyamaza."

Saumu alimfuata mama yake, akachutama mbele yake na gauni lake jeupe. "Mama, ni kweli?" Bi Zuhura alinyanyua uso. Hakumtazama binti yake wala mimi. Aliangalia angani, ndege walikokuwa wanazunguka juu ya mikonge, wanazidi kuwa wadogo. "Njiwa wangu," alisema.

Ningependa kusema nilisimama pale nikiwa mshindi. Kwa muda wa kuhesabu hadi kumi nilikuwa hivyo, na sijawahi kuonja kitu kitamu kuliko zile sekunde kumi, hata nilipozaa. Halafu moshi ulionipata stoo ukanikamata, nikaanguka palepale. Nilipopata fahamu nilikuwa nyumba ya jirani, dirisha liko wazi. Kupitia dirisha hilo, jua likikaribia kuzama, niliwaona njiwa wanarudi. Walikuja wawiliwawili, wakatua juu ya paa lao, wakaingia. Nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Baraka imerudi, alhamdulillahi." Pilau ililiwa. Saumu aliolewa. Talaka yangu Athumani aliiandika kwenye karatasi ya kukatia mifano ya nguo, mwandiko mzuri, akaniletea mwenyewe. "Mama amesema," alianza. Nikamwambia najua.

Nikarudi Mkata, safari hii moja kwa moja. Homa haikurudi tena, ila pumzi yangu ya zamani nayo haikurudi. Korogwe nzima ilisema kichaa wa Mkata aliunguza harusi kwa sababu hakuitaka ndoa, na maneno yangu kuhusu daktari yalisahauliwa kabla ya maneno ya pilipili. Wakamwoza Athumani mke mwingine haraka, binti wa upande wa Handeni, Hadija. Nilimwona mara moja tu, Segera. Nilikuwa natoka kumtazama shangazi, nimekaa nasubiri gari la Mkata. Akaja msichana wa umri wangu, ana uso wa mviringo na begi jipya, akaketi karibu nami, akamenya chungwa, akanipa nusu. Tulizungumza mavuno na mvua. Kisha akasema ameolewa Korogwe, kwa fundi cherehani, na kwamba alikuwa kwao wiki mbili kwa sababu kifua kilimsumbua. "Ila sasa nimepona kabisa, dada. Mama mkwe alidhani najisingizia. Ana njiwa wazuri huyo mama! Wamenizoea mpaka wanakula mkononi."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa maneno mawili. Nilimtazama shingo yake, ilivyokuwa bado imejaa, na nikafikiri jambo moja tu: huyu naye atakohoa. Atakohoa katika nyumba ileile, chini ya dari ileile, na safari hii hakuna mtu atakayeweza kusema ni binti wa Mkata anaigiza. Nilimhitaji akohoe. Nilimhitaji kama shahidi.

"Pole, mdogo wangu," nilimwambia. "Maradhi hayo huisha yenyewe."

Na nilichokitaka nilikipata. Hadija alikaa katika nyumba ile miaka mitatu, na alipokufa, watu wa Korogwe wakaanza kuulizana. Wazee walewale walikutana tena na kahawa yao. Dari ikang'olewa, njiwa wakachinjwa au wakagawiwa, na mzee mmoja alifunga safari mpaka Mkata kumwambia baba yangu kwamba binti yake hakuwa mwongo. Baba alilia. Bi Zuhura tangu siku hiyo alipishwa njiani, hakuna aliyekubali kumpa mwanawe mke. Alizeeka akiwa na mwana mseja na paa lisilo na ndege. Nilifurahi. Nisingeandika haya yote kisha nikadanganya hapo.

Lakini mchana ule Segera gari lake ndilo lililotangulia kufika. Hadija alijifuta mikono kwenye kanga, akaniaga kwa jina ambalo si langu, kwa sababu lile la kweli nilikuwa nimemficha. Akanyanyua begi lake kichwani, akapanda ngazi za basi mbiombio, bila kuhema hata kidogo, akapata siti ya dirishani upande wa Korogwe.